Dogo, punguza mwendo

Leo siandiki siasa wala bei ya sukari. Naandika kuhusu kifaa ambacho wengi wenu mmekiona kwenye video za simu tu: gurudumu moja la umeme. Si pikipiki, si baiskeli, si skuta. Ni tairi moja nene lililovikwa boksi la plastiki, huku na huku kuna vibao viwili vya kukanyagia. Unasimama juu ya vibao, tairi linakuwa katikati ya miguu yako. Ukiegemea mbele kidogo linaondoka, ukiegemea nyuma linapunguza mwendo na kusimama. Hakuna usukani, hakuna kiti, hakuna breki ya kushika mkononi. Mmarekani mwenye asili ya China, Shane Chen, alilitangaza lake mwanzoni mwa miaka ya 2010 akaliita Solowheel. Lilikuwa la mwendo wa pole. Baadaye viwanda vya China kama InMotion, King Song na Begode viliingia kwenye mchezo, na leo ziko mashine zinazopita kilomita 70 kwa saa. Ndiyo, kilomita 70, umesimama wima kama mlingoti wa bendera.

Kwa nini linanihusu? Kwa sababu mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, analo. Anaishi Saint-Denis, kaskazini mwa Paris, na anafanya kazi jikoni kwenye mgahawa mmoja upande wa Gare du Nord. Jikoni wanafunga usiku wa manane, na siku za kawaida metro ya Paris inamaliza kazi saa saba na robo usiku. Akichelewa dakika tano, basi tena, ni mabasi ya usiku au miguu. Akanunua gurudumu la mtumba kwa mtu. Sasa kila usiku anapita kando ya mfereji wa Saint-Denis, dakika chache yuko nyumbani. Hapo simlaumu hata kidogo. Anayejua kusubiri daladala saa tano usiku hawezi kumlaumu.

Tatizo ni video aliyotuma kwenye kundi la familia. Kijana kasimama juu ya tairi, kichwani kofia ya sufi, masikioni vipaza sauti vya muziki, mkononi simu inayoonyesha mwendo: 47. Shangazi zangu wakatuma vikaragosi vya makofi. Binamu mmoja akauliza bei. Mama akauliza swali moja tu: "Na breki yake iko wapi?"

Kazi yetu ya uandishi ina ugonjwa wake, wasomaji wangu: swali likiulizwa na likakosa jibu, hulali. Nimesoma, nimeuliza wanaoendesha, nimempigia dogo mara tatu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, namna mashine inavyofanya kazi, maana ukiielewa hiyo mengine yote yanafuata. Sote tukiwa watoto tuliwahi kusimamisha ufito juu ya kiganja. Ufito ukiinama mbele, unapeleka mkono mbele haraka ili uudake. Ukiinama kushoto, mkono unakwenda kushoto. Gurudumu la umeme linafanya hivyohivyo, ila ufito ni wewe. Ndani kuna sensa zinazopima umeinama kiasi gani, na mota iliyo ndani ya tairi inakimbiza tairi mbele ili likae chini yako. Kwa hiyo gurudumu halikupeleki tu, linakudaka kila sekunde usianguke.

Sasa jiulize: je, mkono ukifika mwisho wa kasi yake na ufito ukazidi kuinama? Ufito unaanguka. Hakuna namna nyingine. Na mota nayo ina mwisho wake. Kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo yenyewe inavyozalisha umeme unaopinga ule wa betri, na nguvu iliyobaki ya kusukuma inapungua. Ukikaribia mwisho unabakiwa na nguvu kidogo sana, na hapo shimo dogo, upepo wa mbele au kilima kifupi vinatosha kuimaliza. Tairi linashindwa kukudaka, vibao vinainama mbele, na wewe unatangulia uso. Kwenye gari, injini ikishindwa gari linapungua mwendo. Kwenye gurudumu moja, mota ikishindwa unaanguka. Ndiyo maana jibu la swali la mama ni gumu kidogo: breki ni mota hiyohiyo, na mota hiyohiyo ndiyo miguu yako.

Kwa hiyo dogo aliponiambia "Kaka, mashine yangu ina uwezo wa 50, mimi nakwenda 47 tu", nilitamani kupitia kwenye simu nimkamate shati. Hizo tatu zilizobaki si akiba, ni ukingo wa shimo. Waendeshaji wazoefu hawaangalii namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Wanaangalia mota inatumia sehemu gani ya uwezo wake, na wengi wanaweka king'ora kilie ikifika asilimia 80. Inayobaki wanaiacha kwa ajili ya shimo na upepo.

Tena kuna jambo la betri. Betri ikishuka, nguvu ya umeme inashuka, na ule mwisho wa mota nao unashuka. Mwendo uliokuwa salama mchana na chaji imejaa unaweza kuwa hatari usiku chaji ikibaki robo. Baridi nayo inainyonya betri. Sasa mwangalie mdogo wangu: anatoka nyumbani alasiri na chaji imejaa, anarudi saa saba usiku, chaji imeshuka, Januari baridi kali, mwili umechoka kwa saa kumi za kusimama jikoni. Muda anaotaka kukimbia zaidi awahi kitanda ndio muda ambao mashine ina uwezo mdogo zaidi. Na mashine inajaribu kumwambia: inalia, na vibao vinanyanyuka mbele kumsukuma arudi nyuma. Lakini mlio huo atausikiaje na muziki masikioni?

Pili, mwendo wenyewe. Namba za kilomita kwa saa hazituogopeshi kwa sababu tumezizoea ndani ya mabasi. Nikazigeuza kuwa kimo, maana kimo kila mtu anakiogopa. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 15 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu ya meza, kama sentimita 90. Kilomita 25 ni mita 2.5, ukingo wa paa la nyumba ya kawaida. Kilomita 35 ni karibu mita 5. Na kilomita 47, ile ya video, ni mita 8.7. Huo ni mnazi, wasomaji wangu. Mimi nimezaliwa pwani na naijua maana ya kuambiwa fulani kadondoka mnazini. Ukizidisha mwendo mara mbili, kimo kinazidi mara nne, si mara mbili. Hapo ndipo hesabu inapotuzidi akili.

Kuna wanaosema, "Nikiona linakatika naruka nakimbia." Inawezekana, kwa mwendo mdogo. Kwa kilomita 10 au 15 mtu mwenye afya anaweza kushuka kwa hatua chache za kukimbia. Lakini Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia kule Berlin mwaka 2009, mita 100 kwa sekunde 9.58, kasi yake ya juu kabisa ilikuwa karibu kilomita 45 kwa saa. Na yeye alikuwa amevaa viatu vya meno na alijua anakimbia! Kushuka kutoka kwenye 47 kwa miguu yako ni kumshinda Bolt bila kujiandaa, usiku, na viatu vya jikoni.

Ili niwe mkweli, kuanguka kwenye barabara tupu si sawa na kugonga ukuta. Ukianguka pasipo na kitu mbele, mwendo wa mbele unageuka kuwa kuburuzika, na kichwa kinapiga chini kwa nguvu ya kimo chako. Lami inakula nguo na ngozi, lakini hujapokea mita 8.7 zote kwa mpigo. Sharti lake ni moja: mbele pawe tupu. Kando ya mfereji kuna nguzo, kuna vyuma vya kufungia boti, kuna ukingo wa mawe. Na kuna watu wanaotembea na mbwa.

Tatu, sheria. Ufaransa iliviingiza vifaa hivi kwenye sheria ya barabara kwa amri ya Oktoba 2019, gurudumu moja pamoja na skuta za umeme. Kikomo ni kilomita 25 kwa saa, na si mwendo wako tu, chombo chenyewe kinatakiwa kisiweze kupita hapo. Anayetumia kinachopita anaweza kutozwa faini hadi euro 1,500. Njia ya waenda kwa miguu ni marufuku. Watu wawili juu ya kifaa kimoja ni marufuku. Simu mkononi na vipaza sauti masikioni, marufuku. Bima ni lazima. Tangu 2023 mwendeshaji asipungue miaka 14. Helmeti mjini wanaishauri tu, hawailazimishi. Ukihesabu, ile video fupi ya dogo ilikuwa na makosa matatu kabla hata hajafika kwenye daraja!

Akanijibu kwamba akienda pole magari yatamgonga. Hoja hii naiheshimu, maana ndiyo ya kila mwendesha bodaboda hapa kwetu. Lakini mitaa mingi ya Paris ina kikomo cha kilomita 30 kwa saa kwa magari tangu Agosti 2021. Kwa hiyo kijana wetu amesimama juu ya tairi moja akiyapita magari yanayofuata sheria. Na kando ya mfereji hakuna magari. Anayeweza kugongwa pale ni mtu anayetembea, na atakayemgonga ni yeye.

Nne, mavazi. Hapa nilidhani nitaanza na helmeti, kumbe wazoefu wengi wanaanza na mikono. Ukianguka mbele, mikono inatangulia. Huamui, mwili unaamua. Kiganja kinanasa kwenye lami, uzito wote unakuja nyuma yake, kifundo cha mkono kinavunjika. Kuna kijimfupa kidogo upande wa kidole gumba ambacho madaktari wanakiogopa kwa sababu damu inakifikia kwa shida, na kikivunjika huchukua miezi kupona. Vikinga vya vifundo vya mikono vina kibao kigumu cha plastiki upande wa kiganja, ili mkono uteleze badala ya kunasa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 kuhusu watu wanaoteleza kwa viatu vya magurudumu ulikuta kwamba wasiovaa vikinga hivyo walikuwa katika hatari ya kuumia vifundo karibu mara 10 ya waliovaa. Viatu vya magurudumu si gurudumu la umeme, lakini mkono ni uleule na lami ni ileile.

Na mdogo wangu ni mpishi. Anakata vitunguu kilo kwa kilo. Ada ya shule ya mtoto wa dada yetu inatoka kwenye vifundo vile viwili. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kwa mara ya kwanza.

Halafu helmeti. Kule Ulaya helmeti ya baiskeli inapimwa kwa kuiangusha kutoka mita 1.5 juu ya chuma bapa, yaani inafika chini na mwendo wa kama kilomita 19.5 kwa saa. Dogo akisimama juu ya vibao, kichwa chake kiko karibu mita 1.9 kutoka ardhini. Kichwa kikidondoka kutoka hapo kinapiga chini kwa kama kilomita 22 kwa saa, hata kama gurudumu lilikuwa limesimama! Kwa hiyo helmeti ya baiskeli ni nzuri kuliko kofia ya sufi, lakini imezidiwa tangu mwanzo. Ya pikipiki iliyopita kipimo cha Ulaya nambari 22 inapimwa kwa mita 7.5 kwa sekunde, kilomita 27 kwa saa. Na kwa kuwa anayeanguka kwenye gurudumu hili anatangulia uso, helmeti inayofunika kidevu ndiyo yenyewe. Ya wazi inaokoa ubongo na kuyaacha meno barabarani.

Kumbuka pia kinachookoa ndani ya helmeti si ganda la nje. Ni lile povu gumu jeupe, ndugu yake wa lile linalofungashiwa televisheni. Likipigwa linajikandamiza, linakula nguvu iliyokuwa iende kwenye fuvu, na halirudi kama lilivyokuwa. Helmeti iliyopata kipigo kikubwa imemaliza kazi yake, itupe. Na ile isiyofungwa kamba kidevuni inaruka kabla yako.

Baada ya hapo ni magoti, kisha viwiko, jaketi gumu, viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, na taa mbele na nyuma. Magoti nayaweka juu kwa sababu ukishayavika unaweza kuangukia magoti na mikono ukateleza, badala ya kupiga kidevu.

Lakini msinielewe vibaya. Mavazi hayakupi ruhusa ya mwendo. Hakuna helmeti kati ya hizo iliyopimwa kwa 47. Mwendo ndio unaoamua mavazi yatakusaidia kiasi gani. Mtu aliyevaa kila kitu na anakwenda 50 sijui nimwite mwangalifu au nimwite mtu aliyevaa vizuri.

Najua kuna msomaji wa Mbagala au wa Mwanza anajiuliza haya ya Paris yanamhusu nini. Yanakuhusu, ndugu yangu, kila ukipanda bodaboda. Uchambuzi wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti 61 kuhusu pikipiki ulikuta helmeti inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Sasa tazama helmeti ya abiria pale kijiweni. Iko wapi? Imening'inia kwenye kioo cha pikipiki au kwenye kiwiko cha dereva, kamba ilikatika zamani, povu la ndani limeng'olewa au limebaki nusu. Vijana wanaiita elementi na wanaivaa wakimwona trafiki. Kikomo cha sheria yetu mjini ni kilomita 50 kwa saa. Sasa unajua 50 ni kimo gani: karibu mita 10.

Naye dereva wa bodaboda ana sababu zake kama dogo alivyo nazo za kwake. Ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye pikipiki jioni, na kila dakika ni shilingi. Dogo ana metro iliyofungwa na usingizi. Hakuna hata mmoja anayekimbia kwa ujinga. Ndiyo maana kuwatukana hakusaidii, na mimi sikumtukana mdogo wangu. Nilimtumia hesabu ya minazi.

Tulikubaliana hivi. Mwendo ameufunga kwenye programu ya simu usipite 25, na penye watu ni 10 mpaka 15. Chaji ikishuka chini ya theluthi, asipite 20. Ikishuka chini ya hapo sana, au kukiwa na barafu, anapanda basi la usiku, Noctilien, hata likichelewa. Muziki ni wa jikoni, si wa barabarani. Vikinga vya mikono alivinunua wiki ileile, helmeti ya kufunika kidevu akainunua mwisho wa mwezi, magoti ameazima kwa rafiki. Viwiko bado anabisha, anasema ataonekana kama roboti. Na kuhusu mashine yenyewe, ambayo kwa uwezo wake bado iko nje ya sheria hata ukiifunga kwenye simu, ameniahidi ataiuza anunue ya 25. Hapo bado namfuatilia, maana mimi ni mwandishi wa habari na ahadi nazijua.

Ninyi mlio na ndugu au rafiki mwenye kifaa kama hiki, huko Ulaya, Marekani au Uarabuni, msimuulize tu kinakwenda kasi gani. Hilo atajibu kwa furaha. Muulizeni mambo matatu: akiba ya mota anaacha kiasi gani, chaji inakuwa ngapi saa ya kurudi nyumbani, na mikononi anavaa nini. Akianza kucheka badala ya kujibu, mpigieni tena kesho.

Wikendi njema, na ukipanda boda leo, funga kamba.